Fundi, 8.8.8.8 iandike kwenye ruta, si kwenye kila kompyuta

Stesheneri nyingi za hapa Mbeya, kuanzia Mwanjelwa hadi Uyole, zimejengwa kwa mtindo mmoja: kompyuta mbili tatu, printa, na ruta imening'inia kwenye msumari. Faili la mteja liko kwenye kompyuta ya kaunta, anayeprinti yuko chumba cha ndani. Umeme ukatike na kurudi, ruta iwake upya huku imesahau ilimpa nani anwani gani, na kaunta iliyokuwa 192.168.1.4 inaamka ikiwa 192.168.1.7. Folda, inayotafutwa kwa ile namba ya zamani, haifunguki. Utasikia "mtandao umekufa" kutoka kwa mtu ambaye WhatsApp yake inafunguka vizuri tu kwenye mashine hiyohiyo.

Anaitwa fundi. Fundi anaweka anwani ya kudumu kwa mkono kwenye kila kompyuta, na kwenye nafasi ya DNS, yaani seva inayogeuza majina kuwa anwani, anaandika 8.8.8.8, anachukua chake, anaondoka. Kwa maoni yangu dawa hiyo ni mbaya kuliko ugonjwa.

Ile 8.8.8.8 ni huduma ya Google, ipo tangu 2009, na kazi yake ni kujua majina ya tovuti za dunia nzima. Kompyuta yako inayoitwa KAUNTA haiijui na haitaijua kamwe. Kuiuliza ni sawa na kusimama stendi ya Nane Nane ukamuuliza kondakta wa basi la Dar mama wa viazi anakaa meza ya ngapi sokoni Uyole. Anayejua ni ruta, kwa sababu ndiyo inayogawa anwani: kompyuta inapoomba anwani kwa DHCP, utaratibu wa kugawiwa anwani yenyewe bila mkono, huwa inataja na jina lake humohumo kwenye ombi. Ruta yenye programu kama dnsmasq inalishika jina hilo, na mwenzake akiliuliza, inajibu.

Najua mafundi watanijibu kwamba DNS ya kampuni ya intaneti inalala mara kwa mara, ndiyo maana wanaikwepa. Kweli kabisa. Basi 8.8.8.8 iandike ndani ya ruta, iwe ndiyo inayoulizwa na ruta kuhusu mambo ya nje, na kompyuta zote ziiulize ruta. Kuna wanaojaribu kukaa katikati: ruta ya kwanza, 8.8.8.8 ya pili, wakiamini wa kwanza asipojua ataulizwa wa pili. Sivyo. Wa pili huulizwa pale wa kwanza anapokuwa kimya. Na siku ruta ikichelewa kidogo, 8.8.8.8 itajibu "jina hilo halipo", na hilo ni jibu kamili. Kompyuta haina sababu ya kuuliza seva nyingine ya DNS. Ndipo unapopata tatizo la leo inafanya, kesho haifanyi, ambalo hakuna anayelipenda.

Kabla hujagusa mipangilio yoyote, piga ping, amri ya kuiita kompyuta nyingine uone kama inaitika, kwa namba kisha kwa jina. Namba ikijibu na jina likagoma, waya na waifai viache, shida iko kwenye jina. Kisha iulize ruta moja kwa moja: `nslookup kaunta 192.168.1.1`, kama hiyo ndiyo anwani ya ruta yako. Ikijibu sawasawa, fungua `ipconfig /all` uone kompyuta imeelekezwa kumuuliza nani. Angalizo: ping inaweza kulipata jina ambalo nslookup imelikosa, maana nslookup huuliza seva ya DNS tu, wakati ping hupitia pia faili la hosts, orodha ya majina na anwani iliyo ndani ya kompyuta yenyewe, na njia nyingine za ndani. Hilo faili la hosts lichungulie. Mara nyingi kuna mtu aliandika anwani humo zamani, ikabaki inadanganya kila siku.

Kompyuta za mtumba zina la kwao. Zikiwekewa Windows kutoka nakala moja ya diski, mbili zinaweza kubeba jina lilelile, na hapo ruta haina kosa. Badilisha jina, fupi, lisizidi herufi 15.

Anwani isiyohama nayo unaipata bila kuiandika kwenye kompyuta: ruta nyingi zina sehemu ya kutenga anwani kwa kifaa kwa kutumia MAC yake, ile namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe. Tengea printa na kaunta, nyingine ziache zihame zitakavyo. Ile ya kuandika kwa mkono, ikiangukia ndani ya fungu ambalo ruta inagawa, siku moja laptopu ya mteja itapewa namba hiyohiyo, na zitagombana.

Zipo ruta za bei rahisi ambazo hazijibu majina ya ndani hata ufanyeje. Kwa hizo jaribu kaunta.local. Jina la namna hiyo halipiti kwa ruta wala kwa Google; kompyuta inaita kwa wote walio kwenye mtandao, kupitia 224.0.0.251, na mwenye jina anaitika mwenyewe. Windows 10 za karibuni, Mac na Linux nyingi zinaelewa. Ila kompyuta zote ziwe kwenye waifai ya kawaida, kwa sababu ile ya wageni kwa kawaida hairuhusu vifaa kusikiana.