Meku Mwenye Namba Tatu

Mimi ni mwandika programu, nina kachumba kangu juu ya duka la vipuri pale Moshi mjini, na kazi hii niliipata kwa mdomo wa shangazi. Chama kimoja cha msingi cha wakulima wa kahawa huko Kibosho kilitaka wanachama wake watoke kwenye daftari waingie kwenye kompyuta. Wakulima 1,864. Malipo: laki nne na mkungu wa ndizi, mkungu ukitangulia.

Siku ya makubaliano mama katibu akaniuliza nitatumia nini.

"Django," nikajibu kwa madaha, ile D ya mwanzo nikiimeza kama inavyotakiwa.

Akavua miwani. "Jengo? Mwanangu, hela ya jengo haijapitishwa na mkutano mkuu."

Nikacheka, nikamweleza kuwa ni zana ya kuundia programu. Akaandika kitu kwenye daftari lake. Ningejua anaandika nini ningemsahihisha palepale.

Nikatengeneza kodi, yaani maagizo ya kompyuta, ya kumchukua mkulima mmoja mmoja kutoka Ekseli na kumhifadhi. Kwenye save(), ile amri ya kuhifadhi, nilijaza ufundi wangu wote: mkulima akiingia tu anapewa namba ya uanachama, kisha meseji inamfuata: "Ndugu mkulima, umesajiliwa. Namba yako ni..." Meseji 5,000 chama kilishanunua, za kutangazia mkutano mkuu.

Nilianza saa sita usiku. Ilikwenda vizuri mpaka mstari wa 417, ikagoma. Kuangalia safu ya mwaka wa kuzaliwa, pameandikwa "Mwaka wa Uhuru". Nikabadilisha, 1961, nikaiwasha tena. Kutoka mwanzo. Wenzangu wa kodi hapa mshaanza kushika vichwa. Django ukiiacha hivihivi, kila save() inaingia kwenye hifadhidata papo hapo. Akigoma wa 417, wale 416 wameshakaa ndani wamekunja nne. Mimi kwa usingizi nilidhani ikigoma imegoma yote.

Mstari wa 903, tena. Mwaka wa kuzaliwa: "Anampita Mushi wa juu miaka miwili." Nikamtafuta huyo Mushi wa juu. Wako kumi na saba. Nikakadiria, nikaiwasha. Kutoka mwanzo.

Sasa, meseji ya saa nane usiku kule mlimani haina tafsiri mbili: kuna msiba. Nilikuja kuambiwa kwamba mzee mmoja alivaa koti, akachukua tochi, akaenda kumpa pole jirani yake; jirani naye yuko njiani anamletea yeye pole hiyo hiyo. Wakakutana mfongoni, kwenye mfereji wa maji, kila mmoja akashangaa kumwona mwenzake yuko hai.

Alfajiri mama katibu akapiga simu. "Mwanangu, mimi nimesajiliwa mara tatu. Nimekosa nini?"

Nikafungua nikahesabu: wakulima 3,182. Meseji zimebaki 1,818. Nikataka kufuta majina yanayojirudia, nikajizuia. Kibosho ukiwafuta akina Mushi wanaofanana majina umefuta kata. Nikafuta wote, nikaamua safari hii niwaingize kwa mpigo, kwa bulk_create. Jamani! Kazi iliyonikesha usiku mzima iliisha kabla sijameza funda la chai. Nikahesabu: 1,864 kamili. Na hakuna meseji hata moja iliyotoka, nikaona hiyo ni baraka. Nikalala.

Ukimya ule ndio ulitakiwa uniamshe. bulk_create haipiti kwenye save() yako, wala haigongi post_save, ile ishara inayolia save() ikimaliza, iliyokuwa ikituma meseji. Inamimina tu, kama debe la kahawa ndani ya gunia. Meseji hakuna, ndiyo. Namba nazo hakuna. Wanachama 1,864, safu ya namba nyeupe pee.

Hilo nililigundua siku ya mzani, mbele ya foleni. Wa kwanza alikuwa meku, yaani mzee, mmoja na gunia lake la kahawa ya maganda, kitochi chake kimefungwa kwa mpira wa baiskeli.

"Shikamoo meku. Namba yako?"

"Marahaba. Unataka ipi?"

Akanisomea, kidole kikifuata maandishi: 0012. 0428. 1330. Nikazijaribu zote.

"Kompyuta inasema haupo, meku."

"Mimi niliyesajiliwa mara tatu, sipo. Na huyu nyuma yangu, wa mara moja?"

Nikajaribu. "Naye hayupo."

Akaigeukia foleni akaitangazia kwa Kichagga. Mimi Mpare, nilichoambulia ni neno kompyuta na kicheko kilichofuata. Kisha akanirudia, sura ya kazi.

"Si kitu. Ila malipo ya pili nitalipwa mara tatu. Meseji ninazo." Akakiingiza kitochi mfuko wa ndani, akafunga kwa pini.

Mama katibu akavuta droo, akatoa kaunta buku, akalamba kidole, akafunua kurasa mbili. "Huyu hapa." Mzani ukaendelea. Mimi nikasogea pembeni na kompyuta mapajani, nawagawia namba upya, sasa hivi yote ndani ya transaction.atomic: akigoma mmoja, wote wanatoka nje. Meseji nilizizima kabisa. Ikishatoka ile, hakuna atomic ya kuirudisha.

Mkutano mkuu ukatangazwa kanisani. Meseji zilizobaki zilipungukiwa na watu 46, na hakuna aliyekuwa tayari kuwachagua hao 46. Mimi sikualikwa, lakini mama katibu alinionyesha muhtasari, kwa mwandiko wake mzuri wa kulala:

"Ajenda ya 4. Kijana wa mjini ameeleza kuwa jengo lilianguka usiku wanachama wakiwa ndani. Hakuna aliyeumia. Ameahidi kulisimamisha Jumatatu. Mwenye namba 0012, 0428 na 1330 ameomba apewe vyumba vitatu."