Nani kakutuma uwarushie jiwe?

Kero yangu ni hawa wasaidizi wa ufukweni. Umejikunyata kwenye matope karibu na Daraja la Selander, maji yamekupwa, yangeyange wanadokoa visamaki, kamera umeitega 1/2000 ya sekunde ili mbawa zigande. Unasubiri. Mara sauti nyuma yako: "Kaka, ngoja nikusaidie waruke!" Jiwe hilo, chubwi!

Wote juu. Na wewe umepata nini? Mikia mitupu, maana ndege aliyeshtuliwa hukipa kishindo mgongo, na kishindo kimetoka upande wako.

Ndege akiachwa aondoke kwa hiari yake, hupenda kuruka akiukabili upepo. Kwa hiyo kaskazi ikivuma unajua ataelekea kaskazini mashariki, kusi ikivuma anageukia kusini mashariki, nawe unajipanga umpate uso. Tena ana dalili zake: anakunja miguu, anainamisha mwili mbele, mara nyingi anaachia kinyesi kwanza (mnaokula mnisamehe). Hapo ndipo kidole kinabonya. Ukirusha jiwe, hayo yote huyaoni.

Na wale chekeamwezi wadogo, wengine wametoka Ulaya na Asia, chakula chao kiko kwenye tope lililoachwa wazi na bahari. Maji yakijaa, basi. Unawafukuza mezani kwa ajili ya picha ambayo hata si yako!

Halafu huyo huyo anakuja kuchungulia begani: "Imetoka? Nitumie WhatsApp."