Sifa Mbele, Ngumi Nyuma

Nisikilizeni upesi kabla umeme haujaondoka. Leo nimesifiwa kwa Kiingereza, na sitaki tena mtu yeyote anisifu kwa lugha hiyo.

Barua ilifika kwenye simu, kutoka kampuni moja ya madini njia ya Likasi. Mambo ya kutafuta kazi Lubumbashi mnayajua, siwachoshi. Nikavaa miwani, nikakaa wima, nikaanza kumsomea mama watoto kwa sauti: Your long experience. Hapo nikatua, kama padri anayesubiri waumini waseme Amina. Mama watoto akapiga vigelegele. Jirani akauliza kutoka uani ni nani anaoa. Mtoto alikwisha kutumwa dukani, soda mbili, deni. Ndipo jicho likashukia neno la pili yake: notwithstanding. Herufi 15, nimezihesabu kwa kidole. Kilichofuata baada ya hapo sikukisoma kwa sauti.

Soda ilikuwa imeshafunguliwa.

Sasa niambieni, huo ni uungwana? Mtu wa kwetu akitaka kukunyima, anakuonya mapema. Anaanza na "licha ya", wewe unashika kiti. Hata Mfaransa, pamoja na maudhi yake, malgré anaitanguliza. Mwingereza anakutandikia uzoefu wako, anauongezea urefu, anakuacha utabasamu mbele ya familia, halafu nyuma ya hayo yote ndiyo anaachia ngumi.

Nikaamua kwenda kuichapisha kwenye karatasi, nimpate mtu wa kunieleza. Njiani taxi-bus ikanipitisha kituo, na receveur, yule mkusanya nauli, hakuwa na chenji, sina muda wa hayo. Nikashuka Kenya. Kenya yetu, mtaa wa Lubumbashi, ya sokoni, si ile ya Nairobi.

Kwenye bureautique, kibanda cha kuchapisha, kulikuwa na kijana wa mashine, mwenye jezi ya Lupopo, klabu hasimu ya Mazembe hapa mjini. Mwalimu mstaafu wa Kiingereza aliyekuwa anakopisha dosie ya pensheni yake kwa mara ambayo hata yeye haijui tena. Dereva wa lori kutoka Zambia na pasipoti yake. Na mama wa beignets, muuza maandazi, ambaye kiti chake kiko nje lakini masikio yake yako ndani.

Kijana akaichukua simu. "Papa, hapa wanasema una uzoefu mrefu. Ni vizuri."

"Endelea."

"Kisha wanasema not, with, standing. Ni kusema haikusimama."

"Nini haikusimama?"

"Uzoefu, papa. Inakaa."

Mwalimu akaweka dosie chini. Nilimwona akinyanyuka polepole, na nikajua leo hatutoki.

"Kijana, usimuue mzee wa watu. Hilo ni nonobstant letu! Hamjasoma hukumu za tribunal? Nonobstant tout recours! Waingereza walilishona neno lao kwa kufuata hilo la Kifaransa na lile la Kilatini, tangu zamani za wafalme. Maana yake uzoefu wako upo, ila hauzuii kitu."

"Hauzuii nini?"

"Kukukataa."

Nikamshukuru kwa heshima. Nikamuuliza, basi kwa nini lisikae mbele, mtu alione linakuja?

"Mbele linaweza. Nyuma ya nomino linaweza pia. Despite haliwezi, in spite of haiwezi, hayo lazima yatangulie. Hili limeruhusiwa."

"Na nani?"

Hilo hakulijibu. Alishaanza kutafuta ubao kwa macho, na kwa kuwa ubao haukuwapo, akageuza dosie ya pensheni akaandika mgongoni mwake. "Chukueni mfano. Desemba 2010, Abu Dhabi. TP Mazembe, klabu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu. Inter Milan wanatufunga 3-0. Sawa? Ukiwa na nomino mkononi, unasema despite the defeat. Ukiwa na sentensi nzima, yenye mtu na kitenzi chake, unasema although Mazembe lost. Mtu akiniandikia despite Mazembe lost, nampa sifuri. Na akishaweka although, asirudi tena na but. Sisi tunasema ingawa, tunaongeza lakini, hakuna anayeumia. Mwingereza anataka moja tu."

"Mwalimu," kijana akasema, "badilisha mfano."

"The defeat notwithstanding, we danced!" Mwalimu alikuwa mbali, yuko Abu Dhabi.

"Mimi sichapi barua ya mtu hapa wakati Mazembe inasifiwa kwenye mashine yangu. Sisi Lupopo hatumo kwenye sarufi?"

"Mmo. Nitawawekea nothing but."

"Maana yake?"

"Nothing but promises. Ahadi tupu, basi."

Ikawa vurugu. Kijana akafunga kompyuta. Mpita njia mmoja akaingia, hakuuliza kuna nini, akauliza tu mwalimu ni wa upande gani, akakaa. Mama wa beignets akaleta beseni ndani ili asipitwe, akasema naye anataka mfano wake, kwa nini wanaume tu. Mwalimu akampa: everyone but Maman has eaten. Wote wamekula isipokuwa wewe.

"Kwa hiyo but si lakini tena?"

"Ikifuata everyone, ni isipokuwa. Kwa asili but ilikuwa na maana ya nje, bila. Na all but ten ni wote kasoro kumi, ila all but finished ni karibu kumaliza. Na anything but cheap ni ghali, ghali kabisa."

Mama akatazama beseni lake kama anayetafuta bei mpya. Mimi sikucheka. Maana hapo, mabibi na mabwana, ndipo nilipojielewa. Everyone but me. Wameitwa wote, mimi niko nje. Mtu aliyeshika funguo za depo tangu watoto wa leo hawajazaliwa, anayesikia lori likipita na kujua mifuko imepungua. Aliyekuja asubuhi hata siku ambazo mshahara haukuja. Minerval, karo ya watoto, inadaiwa, mwenye nyumba anakohoa mlangoni kila jioni, na kampuni inaniambia, kwa adabu kabisa, kwamba yote hayo hayazuii kitu! Si bora wangeniandikia hapana? Ni fupi, na watu hawafungui soda.

Nilisema hayo kwa sauti kubwa kidogo. Wakanyamaza. Dereva wa Zambia, ambaye muda wote hakufungua mdomo, akanyoosha mkono, akasoma barua, akanirudishia.

"Bwana, hawakutaki," akasema, Kiswahili cha Kasumbalesa, kule mpakani. "Usijali. Mimi bosi wangu ananiandika hivi: good driver. Anaweka nukta. Mimi nafurahi. Baada ya nukta anaandika: slow, though. Mwendo pole, lakini."

"Baada ya nukta?" mwalimu akauliza, kalamu tayari.

"Baada ya nukta."

Kwa hiyo hata sentensi ikiisha hujapona.

Kijana alikubali kuchapisha kwa masharti ya kutotajwa tena Mazembe. Mashine ikakohoa, karatasi ikaanza kutoka. Tarehe. Dear Sir. Mstari wa kwanza, Your long experience. Umeme ukaondoka. Karatasi imesimama hapo hapo, nusu nje nusu ndani, tukaivuta watu wawili.

"Faranga 500," kijana akasema gizani.

"Barua haikuisha."

"Papa, ukurasa ni ukurasa."

Nikamwambia uzembe wa umeme si wangu. Akasema wala si wake. Mwalimu alitaka kutuamua kwa in spite of the darkness, tukamkataza wote wawili. Nililipa, nikaikunja karatasi, kwa sababu nikisimama hapo dakika nyingine naambiwa na giza pia lina ada yake.

Nje dereva alikuwa anamweleza mama wa beignets kuhusu foleni ya malori mpakani. Mama akaacha kuhesabu hela. Agosti 2024 Zambia ilipofunga mpaka siku chache, kwa ugomvi wa bia na soda zilizozuiwa kuingia kwetu, wote tulikula hofu kabla hatujala bukari, ugali wetu. Foleni ni ndefu kiasi gani? Ndefu. Unga utapanda? Dereva akasema unga hauko kwenye lori lake, yeye kabeba saruji. Mama akasema saruji au si saruji, utapanda, na sokoni watu wameshasikia, wale huwa wanasikia kabla jambo halijatokea.

Na kweli. Nimepita sokoni, bei imesimama palepale, nikashangaa, nikanunua meka moja, kipimo cha unga. Nyumbani tunamimina, sufuria haijai. Nikarudi mbio kukitazama kile kipimo: kitako kimebonyezwa ndani kwa nyundo, kinapokea ngumi yangu nzima. Nikamwonyesha muuzaji.

"Papa," akasema, "meka ni meka."