Kirimu Mezani: Apewe Hesabu au Abaki Tishio?

Anayeendesha mchezo wa masimulizi wa mezani hapa Goma, ule wa dadu zenye pande 20 ulioanza Marekani mwaka 1974 kwa jina la Dungeons & Dragons, siku moja atachoka na madragoni, yaani majoka, ya Ulaya. Atamtaka Kirimu. Wanyanga wa Walikale, katika utenzi wa shujaa wao Mwindo, wanamweleza wazi: ngozi nyeusi, vichwa saba, pembe saba, macho saba, meno ya mbwa, tumbo kubwa mno, mkia wa tai. Anameza watu. Je, apewe pointi za uhai, namba inayopungua kila akipigwa mpaka afe, kama mnyama mwingine yeyote, au aachwe bila kipimo?

Wanaotetea hesabu wana hoja nzito. Mchezaji anayerusha dadu anataka kuona pigo lake limepunguza kitu. Msimamizi akisema tu kwamba jitu halifi, mchezo ni wake peke yake na wenzake wamebaki wasikilizaji.

Ila hesabu hazitoshi. Tarrasque, jitu la kutisha la mchezo huo, katika toleo la 2014 ana pointi 676, lakini hawezi kuruka wala hana silaha ya kumfikia aliye juu sana. Mwenye mabawa na upinde wa kichawi anammaliza taratibu. Tena wachezaji watano hupiga mara tano kila mzunguko huku jitu likiwa na zamu moja tu, ndiyo maana toleo hilo likawapa baadhi ya majitu nafasi ya kutenda katikati ya zamu za wengine. Kirimu ana dawa ya hilo mwilini mwake: kila kichwa kipewe zamu yake. Panga vifuniko saba vya bia ya Primus juu ya jiwe la lava; kichwa kikianguka, ondoa kifuniko. Meza nzima inaona vita vimefika wapi.

Upande wa pili, mji huu unajua vizuri kitu kisichopigika. Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji mpaka ziwani. Watu hawakuuliza ina nguvu kiasi gani. Waliuliza tukimbilie Gisenyi au Sake, na mtoto yuko na nani. Jitu linaloleta maswali ya namna hiyo mezani linatisha kuliko lenye pointi elfu.

Mimi nasema mwili upewe hesabu, lakini kisa kisiishie kwenye mwili. Mwindo alimuua Kirimu, na shida ikaanzia hapo: Kirimu alikuwa rafiki wa Nkuba, radi, kwa agano la damu. Nkuba akampandisha Mwindo mbinguni, akateswa kwa baridi, mvua na jua, kisha akakatazwa kuua wanyama. Ukichukua vichwa saba na kuacha agano hilo, umepata mjusi mkubwa tu.

Kuna pingamizi la haki: kumwadhibu mchezaji aliyeshinda kihalali ni kumwonea. Nalikubali, kwa hiyo dalili itangulie. Kila kichwa kinapoanguka, radi ipige karibu zaidi, na msimamizi aseme hivyo kwa sauti. Pia iwepo njia ya kuwatoa waliomezwa bila kumuua jitu, hata kama ni ngumu na ya hatari. Baada ya radi ya sita, wachezaji wapewe muda wa kushauriana kabla ya yeyote kugusa dadu.