Breki kwanza, injini baadaye

Datsun 240Z yangu ililala chini ya turubai miaka 19. Siku nilipoifunua nilikuwa na hamu moja tu: kuusikia tena mlio wa ile injini ya silinda 6. Hapo ndipo nilipokosea, na naona wengi wanaofufua magari ya zamani huanzia palepale.

Injini yenyewe niliiendea taratibu. Nilitoa plagi, nikamimina oili kidogo kwenye kila silinda, nikaiacha siku tatu, kisha nikaizungusha kwa spana. Ilizunguka! Nikafunga betri mpya, nikapiga stata, ikanguruma sekunde chache, ikazima. Petroli ya zamani ilikuwa imekaukia ndani ya kabureta zote mbili, ikaacha utando wa kahawia unaonuka kama vanishi. Jeti zote, vile vitundu vidogo vya kupitishia petroli, zimeziba. Nikasafisha. Wiki iliyofuata zikaziba tena, safari hii kwa kutu iliyokuwa ikibanduka ndani ya tangi. Laiti ningeanza na tangi, kabureta ningezifungua mara moja tu.

Lakini kilichoniuma hasa ni breki. Nilizunguka na gari kidogo, nikahisi linavuta kushoto hata baada ya kuachia pedali. Niliposhuka, gurudumu la mbele kushoto halikushikika kwa joto. Nikafungua kalipa, kile kifaa kinachobana diski ya breki, pistoni inateleza vizuri. Nikabadilisha sili zake hata hivyo, na tatizo likabaki vilevile. Mwisho nikauchana kwa kisu ule mpira wa breki, bomba laini linalopeleka mafuta ya breki kwenye kalipa. Nje ulikuwa mweusi, mzuri, hauna ufa hata mmoja. Ndani ulikuwa umevimba mpaka tundu likabaki la kupenya sindano. Mguu ukikanyaga, mafuta yanalazimika kupita. Ukiachia, hayana nguvu ya kurudi, na breki inaendelea kushika.

Nililiendesha gari lile nikiwa na mwanangu pembeni. Bado nalifikiria hilo.

Kwa hiyo sikubaliani kabisa na ile desturi ya kukimbilia kuwasha. Gari lililolala miaka mingi lifunguliwe breki kwanza, mipira yote ibadilishwe hata inayoonekana mizima, na mafuta ya breki yamwagwe, maana hunyonya unyevu hata gari likiwa limeegeshwa, na unyevu huo huleta kutu ndani kwa ndani.

Injini sijaiwasha mwezi wa pili huu. Jumamosi nafungua masta silinda, ile pampu ya breki inayosukumwa na pedali.