Mambo yakienda mrama ughaibuni, furaha hupangiwa saa

Kuachishwa kazi, kuugua ghafla, ndoa kuvunjika, cheti ulichokisotea miaka kukataliwa na waajiri: haya hutokea popote. Lakini pigo lile lile huuma zaidi ugenini, na siamini kwamba ni kwa sababu wenyeji wana roho mbaya. Nyumbani, nusu ya kazi ya kukuinua hufanywa na watu ambao hata hukuwaita. Jirani anapita, dada anasikia sauti yako imebadilika, mtu uliyesoma naye anakudokezea kazi. Ughaibuni unaweza kushinda kitandani na asijue mtu. Kilichokuwa kinakuja chenyewe, huku lazima ukiwekee siku na saa.

Makaratasi kwanza, hata kama machozi hayajakauka. Ikiwa kibali chako cha kuishi kinamtegemea mwajiri, soma kinasemaje kazi ikikatika, maana mara nyingi siku huanza kuhesabiwa tangu kazi ilipokwisha, si tangu ulipopata nguvu ya kufungua barua. Kisha chukua akiba yako, igawanye kwa jumla ya kodi, chakula na nauli ya mwezi mmoja. Jibu utakalopata ndiyo miezi uliyonayo.

Fedha za nyumbani ndizo huwamaliza wengi. Mtu hunyamaza, akaendelea kutuma kiasi kile kile, akikopa huku ili alinde heshima kule. Mweleze ukweli mtu mmoja wa nyumbani unayemwamini, na utaje kiasi na muda: "Kuanzia mwezi ujao nitatuma nusu, tutaangalia tena baada ya miezi mitatu." Ukisema tu "mambo magumu kidogo", simu hazitakoma.

Halafu watu. Mwaka 2018 mtafiti Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, alikadiria kwamba mtu uliyemfahamu tu huhitaji saa 50 hivi pamoja nawe ili awe rafiki wa kawaida, saa 90 hivi ili awe rafiki hasa, na zaidi ya 200 ili awe wa karibu. Saa za kufanya kazi pamoja hazikusaidia sana. Piga hesabu: mkikutana saa mbili kwa wiki, hizo 50 zinachukua karibu nusu mwaka. Ndiyo maana anayehudhuria mkusanyiko mpya kila wikendi hubaki mpweke. Amewagawia watu arobaini saa mojamoja. Chagua kundi moja linalokutana siku ile ile kila wiki, kwaya, mazoezi, darasa la lugha, chochote, na usiliache kabla ya miezi sita. Ukiona wiki ya nane bado mnasalimiana kwa adabu tu, hujakataliwa. Saa hazijatosha.

Taratibu ndogo za kila siku nazo zina muda wake. Mtafiti Phillippa Lally na wenzake wa London walikuta tabia mpya huzoeleka kwa wastani wa siku 66, wengine 18, wengine hadi 254, na kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Kuamka saa ile ile na kutoka nje asubuhi kunatosha kuanzia.

Nisidanganye kwamba kila kidonda hufutika. Utafiti uliochapishwa 2004, uliofuatilia watu zaidi ya 24,000 nchini Ujerumani kwa miaka 15, ulionyesha kwamba kwa wastani waliopoteza kazi hawakurudia kikamilifu ridhiko lao la awali, hata baada ya kupata nyingine. Kwa hiyo anayekwambia "ukipata kazi utasahau" anakutwisha lawama usiyostahili.

Swali la kurudi nyumbani lisiamuliwe katika wiki za mwanzo. Ukiwa na maumivu, nyumbani hugeuka kitu kimoja tu: mama, jua, kicheko. Mwaka 1998 watafiti David Schkade na Daniel Kahneman waliwauliza wanafunzi wa California, jimbo linalosifika kwa jua, na wa majimbo ya kati ya Marekani. Wote walidhani wa California wana furaha zaidi, kumbe ridhiko la pande zote mbili lilikuwa sawa. Hali ya hewa ilikuwa imewajaa akilini. Chukua karatasi, andika Jumanne ya kawaida saa kwa saa: ya huku, halafu ya kule utakaporudi, pamoja na nani atakuwa kazini, nani ameshahama, utaingia kazini kwa usafiri gani, utalala wapi. Linganisha hizo Jumanne mbili, ndipo uulize bei ya tiketi.