Intaneti inabana matumizi ya familia, ila si pale penye ofa

Mtu akisema anatumia intaneti kuokoa pesa za nyumbani, mara nyingi ana maana ya ofa: kuponi, bei iliyokatwa mstari, usafirishaji wa bure. Kwa maoni yangu hapo ndipo familia inapookoa kidogo zaidi, na si ajabu ikawa ndipo pesa inapovuja. Akiba ya maana iko kwenye mambo ambayo hayatangazwi, kwa kuwa hakuna muuzaji anayefaidika ukiyafanya.

Tuwape haki yao wanaotetea ununuzi wa mtandaoni. Faida ya kulinganisha bei ni ya kweli. Ukitaka friji, matairi au bima ya gari, unaweza kupitia wauzaji kadhaa bila kuinuka kitini, ukasoma malalamiko ya walionunua kabla yako, kisha ukaingia kwenye mazungumzo ukijua bei ya kukataa. Lakini hilo linalipa kwenye vitu vya gharama kubwa vinavyonunuliwa mara chache. Kwenye sabuni na dawa ya meno, saa nzima ya kulinganisha inaokoa vijisenti, na saa ya mzazi nayo ina thamani yake.

Vitu vilivyokwisha kutumika ni habari nyingine. eBay na Craigslist, tovuti ambako watu huuziana vitu, zote zilianza 1995, na 2003 huko Tucson, Arizona, ukazaliwa mtandao wa Freecycle, ambako watu hugawiana vitu bila kulipana hata senti. Wenye watoto wadogo ndio wanaonufaika hasa: kitanda cha mtoto mchanga, kigari, baiskeli ya magurudumu matatu, vyote vinaachwa kabla havijachakaa. (Kiti cha mtoto cha kwenye gari nisingekichukua kwa mtu nisiyemjua. Kilichowahi kupata ajali kinaweza kuonekana kizima kabisa.)

Akiba kubwa zaidi, na isiyosifiwa, ni kutonunua kabisa. Chukua mashine ya kufulia iliyogoma kutoa maji. Ukiandika mtandaoni namba ya modeli iliyo kwenye kibandiko chake, utapata mwongozo, na pengine video ya mtu aliyekwama kama wewe. Anachomoa waya wa umeme, anakuonyesha kifuniko kidogo chini upande wa mbele, anatandika matambara na kusogeza beseni, anafungua chujio taratibu. Maji machafu yanatiririka, na nyuma yake zinatoka sarafu, kifungo cha shati na soksi ya mtoto. Mashine iliyokuwa inaelekea kutupwa inarudi kazini. iFixit, iliyoanzishwa Marekani 2003, hutoa bure miongozo ya matengenezo ya namna hii, kuanzia simu hadi vifaa vya nyumbani. Mpaka upo, bila shaka: mambo ya gesi na nyaya za ukutani mwachie fundi.

Masomo nayo yamo. Khan Academy inafundisha hisabati na sayansi bila malipo tangu 2008, na MIT, chuo kikuu cha Marekani, ilitangaza 2001 kwamba itaweka nyenzo za kozi zake mtandaoni kwa yeyote. Kwa mtoto anayejituma, hiyo inaweza kupunguza gharama za mwalimu wa ziada. Kwa asiyejituma, lazima mtu mzima akae pembeni yake, na mtu huyo hapatikani kila jioni.

Upande wa pili, hata hivyo, una uzito kuliko tunavyopenda kukiri. Duka la mtandaoni limejengwa ili ununue. Tuseme umeweka kikapuni viatu vya shule vya 80, kwa fedha yoyote ile. Usafirishaji ni 5, lakini ni bure kuanzia 100. Unatafuta cha kujazia, unaongeza mkoba wa 25 ambao asubuhi haukuwa akilini mwako. Umelipa 105 badala ya 85, na skrini inakupongeza kwamba umeokoa 5. Anayetetea atasema mkoba utatumika siku moja. Pengine. Lakini bajeti ya mwezi huu haijui habari za siku moja.

Hata ile bei iliyokatwa mstari haiaminiki hivi hivi. Tangu Mei 2022 sheria ya Umoja wa Ulaya inamtaka muuzaji anayetangaza punguzo aonyeshe pia bei ya chini kabisa aliyotoza katika siku 30 zilizotangulia, kwa sababu wapo waliokuwa wakipandisha bei kwanza ili wapate cha kushusha. Mahali ambapo sheria hiyo haipo, kazi ya kukumbuka bei ya zamani ni yako.

Kuna pia malipo ya kila mwezi: filamu, muziki, hifadhi ya picha, michezo ya watoto. Kila moja ni dogo, na bandu bandu huisha gogo. Kujiunga ni rahisi, kujitoa ni shughuli. Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliishtaki Amazon 2023 kwa madai kwamba iliwaingiza watu kwenye uanachama wake wa kulipia uitwao Prime bila ridhaa ya kweli na kuwawekea vikwazo walipotaka kutoka. Mwaka 2025 kampuni ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 kumaliza kesi, bila kukiri kosa. Watoto nao wana mlango wao. Mwaka 2014 Apple ilikubali kurudisha angalau dola milioni 32.5 kwa sababu ya ununuzi ambao watoto walifanya ndani ya programu bila idhini ya wazazi. Ndiyo maana naamini saa moja ya kupitia taarifa ya benki mstari kwa mstari, ukifuta usichokitumia, inashinda mwezi mzima wa kuwinda kuponi.

Jambo linalonisumbua zaidi ni nani anayefikiwa na faida hizi. Bei nzuri ya jumla humpata mwenye pesa ya kulipa mara moja na nafasi ya kuhifadhi. Tiketi nafuu humpata anayeweza kulipa miezi kabla ya safari. Familia inayoishi kwa kipato cha wiki huona ofa zile zile, ila huelekezwa kwenye kitufe cha “lipa kwa awamu”, na ikichelewa awamu moja inaweza kutozwa faini.

Na hata pale pesa ilipookolewa kweli, ikibaki kwenye akaunti ya matumizi itatumika. Benki nyingi huruhusu kupanga uhamisho wa kiasi fulani kwenda akaunti ya akiba siku mshahara unapoingia, na kwa mwenye mshahara wa uhakika hili ndilo ningeliweka mbele ya mengine yote. Kwa wenye kipato cha kupanda na kushuka, uhamisho wa kujiendesha unaweza kukuta akaunti haina kitu na kuzaa makato. Hao ni afadhali wahamishe wenyewe kila pesa inapoingia, hata kama wiki hii ni kidogo kuliko iliyopita.